Je, Wajua? Picha Hufia Mgongoni

Sebule za Lubudi, Fungurume na Kolwezi, huku mkoani Lualaba nchini Kongo, hazitofautiani sana ukutani. Kuna picha ya harusi, ya mtoto siku aliyopokea diploma, ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na mara nyingine mchoro wa mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Mnunuzi wa fremu, au kadre kama wengi wanavyosema huku, huitazama usoni: inang'aa, ina maua, ina rangi ya dhahabu, basi anailipia. Fundi huigeuza kwanza. Akishaona mgongo, anajua kama picha hiyo itafikia wajukuu au itaota madoa ya kahawia kabla ya mwenye diploma kupata kazi.

Mikato minane

Je, wajua kwamba fremu ya kawaida ina mikato minane, na kosa dogo katika kila mmoja hujumlishwa? Kona ni nne, kila kona hukutanisha vipande viwili, kila kipande hukatwa kwa nyuzi 45. Msumeno ukipinda nusu ya uzi mmoja tu kila safari, kwenye kona ya mwisho unakuta pengo la nyuzi nne. Ndiyo maana fremu nyingi za barabarani zina kona tatu zilizobana vizuri na ya nne iliyoachama. Fundi mvivu hujaza pengo hilo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, anapaka vanishi, na siku ya kununua huoni kitu. Utaona baadaye.

Mashine ya kukatia kona ni ya gharama, lakini kisanduku cha mbao tatu chenye mifuo ya nyuzi 45 hufanya kazi ileile kwa mtu mwenye subira na msumeno wenye meno madogo. Siri haiko kwenye kona peke yake. Urefu ndio unaoangusha wengi: pande zinazotazamana zikitofautiana hata kwa milimita mbili, hakuna kona duniani itakayofunga. Fundi anayejua hafuati alama za penseli. Hupigilia kizuizi kwenye meza, anasukuma ubao mpaka ugonge, anakata, kisha anakata wa pili palepale. Vipande vinatoka pacha bila futi kuguswa.

Na jiliwa si lazima. Kamba moja ndefu, vigogo vinne vidogo vya kushika kona, na kijiti cha kusokota kamba mpaka ikaze, vinatosha kushikilia fremu usiku kucha gundi ikikauka. Kabla ya kwenda kulala, pima ulalo: kona hii mpaka ile, halafu kona nyingine mpaka mwenzake. Vipimo vikilingana, kona zote ni nyuzi 90 kamili, hata kama guni lako limechakaa. Visipolingana, bonyeza kidogo kwenye ulalo mrefu wakati gundi bado mbichi.

Swali la sokoni: ninunue mbao mita ngapi? Jumlisha pande zote nne za picha, kisha ongeza upana wa ubao mara nane. Picha ya sentimita 30 kwa 40 ina mzingo wa 140. Ubao wenye upana wa sentimita 4 unaongeza 32. Jumla 172, na ukijumlisha unaoliwa na msumeno na kipande kimoja cha kuharibu, nunua mita mbili. Wanaosahau ile mara nane hurudi sokoni kesho yake na kukuta mbao za muundo ule zimekwisha.

Kona inayosema majira

Mbao hupungua na kuvimba kwa upana, si kwa urefu. Jambo hilo dogo ndilo linalofungua kona. Lualaba ina kiangazi kikavu cha kuanzia Mei mpaka Septemba, na mvua nzito kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili. Ubao uliokatwa na kuunganishwa ukiwa na unyevu ukija kukauka, unapungua upana, na kona inaachama upande wa ndani, karibu na picha. Ubao uliounganishwa mkavu sana ukija kupata mvua, unavimba, na kona inaachama upande wa nje. Kwa hiyo unaweza kuitazama fremu ya jirani yako na kukisia ilitengenezwa majira gani. Mwenyewe usimwambie.

Mninga una sifa adimu hapa. Mti huu wa misitu ya miombo, ambao Wazambia huuita mukwa, hutoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, na mbao zake hupungua kidogo mno zinapokauka ukilinganisha na mbao nyingi za uzito wake. Hata hivyo, kwa maoni yangu mbao nyeupe ya kasha iliyokaa darini miaka mitatu inashinda mninga uliokatwa mwezi uliopita. Jina la mti halikaushi ubao.

Mawe ya Lubudi ndani ya kioo

Lubudi inajulikana kwa saruji, na saruji huanza na mawe ya chokaa. Je, wajua kwamba bila mawe hayo kioo cha picha kingeyeyuka kwenye maji? Kioo cha kawaida ni mchanga, kiasi cha asilimia 70 hivi, pamoja na magadi yanayoufanya uyeyuke kwa joto la chini zaidi. Magadi ya namna hiyo huchimbwa kwa wingi Ziwa Magadi, Kenya, ambako kampuni ilianzishwa mwaka 1911. Lakini mchanga na magadi peke yake hutoa kitu kinachofanana na kioo ambacho maji yanakiyeyusha. Chokaa ndiyo inayokikaza. Ukiosha kioo cha picha ya babu na kikabaki kizima, ishukuru chokaa.

Vioo vya zamani vilikuwa na mawimbi. Ukipita mbele ya picha, uso wa mtu ulionekana kucheza. Mawimbi yaliisha baada ya mwaka 1959, kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza njia ya kumwaga kioo cha moto juu ya bati lililoyeyushwa, kikaelea na kuwa bapa pande zote mbili. Bati, madini yaleyale yaliyoupa sifa mji wa Manono.

Sasa mtazame fundi akikata. Kwanza anapangusa meza, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukivunja vibaya. Anachovya kalamu ya kukatia kwenye mafuta ya taa. Anaweka rula, anasimama wima, anavuta mstari mmoja kutoka ukingo wa mbali mpaka ukingo wa karibu, kwa nguvu ileile, na kalamu inatoa mlio mwembamba usiokatika. Mlio ukikatika, mstari umekatika. Harudii. Kupita mara ya pili juu ya mstari uleule huharibu gurudumu la kalamu na kuufanya ufa uende unakotaka. Anakisogeza kioo mpaka mstari ukae kwenye ukingo wa meza, anakishika pande mbili, anakisukuma chini mara moja. Tak. Kalamu haikukata kioo hata kidogo; iliweka jeraha jembamba usoni, na kioo kikajipasua chenyewe kufuata jeraha. Ndiyo maana havuti mstari asubuhi na kuja kuvunja jioni: jeraha jipya ndilo linalotii.

Kioo cha milimita 2, ambacho ndicho cha kawaida kwa picha, kina uzito wa kilo 5 kwa mita moja ya mraba. Plastiki ngumu ya akriliki ni nusu ya hapo hivi na haivunjiki gari likipita kwenye mashimo ya barabara, lakini hukwaruzika na huvuta vumbi. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya malori ya madini, nakichagua kioo bila kusita.

Bukama, 1926

Ukipanda treni Tenke kuelekea kaskazini, unapita Lubudi na kufika Bukama, kwenye mto Lualaba wenyewe. Reli ilifika hapo mwaka 1918. Mwaka 1926 ofisa wa Kibelgiji aitwaye Georges Thiry aliona nyumba za Bukama zilizochorwa ukutani, akampata mmoja wa wachoraji, Albert Lubaki, ambaye pia alikuwa mchonga pembe za ndovu. Akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe, Antoinette Lubaki, naye alichora. Mwaka 1929 michoro hiyo ilionyeshwa Brussels, na mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo.

Kwa mtu wa fremu, kilichotokea Bukama ni kikubwa. Mchoro wa ukutani hauhitaji fremu. Ukuta ni fremu, na mvua ikiuosha unachorwa mwingine. Mchoro uliohamia kwenye karatasi unaanza siku hiyohiyo kuhitaji kioo, ubao na mtu wa kuutunza. Inavutia kwamba baadhi ya michoro ya Lubaki imezungushiwa mstari mnene wa rangi pembezoni. Karatasi ilikuja bila fremu, mchoraji akaichora.

Rangi za maji ndizo dhaifu kuliko zote mbele ya mwanga. Majumba ya makumbusho huzimulika kwa mwanga hafifu wa luksi 50 hivi, na huzipumzisha gizani kwa miezi mingi. Kioo cha kawaida hakisaidii sana: kinazuia sehemu kali zaidi ya miale isiyoonekana ya jua, ila sehemu kubwa ya iliyobaki kinaipitisha. Na uharibifu wa mwanga hujumlishwa. Ukiiondoa picha juani leo, rangi iliyokwenda imekwenda. Basi ukuta unaotazama mlango ulio wazi mchana kutwa si mahali pa picha ya harusi, hata kama ndipo wageni wanapoiona vizuri zaidi.

Gunia la unga

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya historia ya Kongo iliyochorwa Katanga imekaa juu ya magunia ya unga? Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1973 na 1974 alimletea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha za historia ya nchi, tangu kale hadi wakati wa Mobutu, na kuzieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga. Picha 101 kati yake zilitoka katika kitabu cha Fabian cha mwaka 1996, Remembering the Present. Habari za mchoraji mwenyewe zinakatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Wachoraji wa namna yake hawakuchorea makumbusho. Walichorea sebule, na wateja walikuwa wafanyakazi wa mgodi na wa reli. Kitambaa cha gunia kilifunguliwa mishono, kikaoshwa, kikapakwa rangi nyeupe, kikavutwa juu ya fremu nyepesi ya vijiti. Uvutaji huo una utaratibu wake, na anayeukosea hupata mikunjo isiyotoka. Usianze kona. Piga msumari mmoja katikati ya upande mmoja, vuta, piga wa pili katikati ya upande unaotazamana nao, kisha pande mbili zilizobaki. Hapo kitambaa kimeshikwa kwa misumari minne kama msalaba. Toka katikati ukielekea kona, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Kona ndiyo ya mwisho, na hukunjwa, haikatwi.

Fremu bora ya kuvutia kitambaa haigundishwi kona. Huachwa ikicheza kidogo, na kwa ndani huingizwa kabari nyembamba, mbili kila kona. Kitambaa kikilegea masika, unagonga kabari taratibu na kinakaza tena kama ngozi ya ngoma. Picha nyingi za kwetu hazina kabari, ndiyo sababu matumbo yao yamelegea.

Dar es Salaam walikwepa tatizo lote. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kuuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, alichorea vipande vya ubao mgumu wa masonaiti vya sentimita 60 kwa 60 hivi, kwa rangi za mafuta za dukani. Ubao haukunjiki, haulegei, haudai kabari. Vijana wa baadaye walihamia kitambaa kwa sababu moja ya kibiashara: mtalii anaweza kukikunja na kukitia sandukuni. Huko kwake anailipia fremu mara tano ya bei ya picha.

Shaba iko kila mahali

Picha za kwanza za kamera zilizouzwa kwa wingi zilikuwa za shaba. Mwaka 1839 Ufaransa ilitangaza njia ya Louis Daguerre: bamba la shaba lililopakwa fedha, likafukizwa, likatiwa kwenye kamera. Picha ilikuwa safi ajabu, lakini ukiigusa kwa kidole inafutika. Kwa hiyo kila moja ilifungiwa nyuma ya kioo, kukiwa na ukingo wa kuizuia isigusane nacho. Fremu haikuwa pambo. Bila hiyo picha haikuwapo.

Fremu nyingi za dhahabu za bei nafuu nazo ni shaba. Dhahabu halisi hufuliwa mpaka inakuwa nyembamba kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na pumzi ya fundi inatosha kuipeperusha. Ya bandia ni karatasi ya shaba nyeupe, yaani shaba ileile ya Lualaba iliyochanganywa na zinki. Kuitambua ni rahisi: dhahabu haibadiliki, ya bandia isipopakwa vanishi inafifia na kuingia weusi.

Halafu kuna picha ambazo ni shaba yenyewe, zile za kufuliwa kwa nyundo zinazouzwa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi: mwanamke mwenye mtungi, tembo, ramani ya Kongo. Bamba jembamba huchomwa mpaka liwe jekundu. Chuma cha pua ukikichoma hivyo na kukitumbukiza majini kinakuwa kigumu. Shaba inakuwa laini. Fundi huisukuma kutoka nyuma kwa vyuma butu, anaigeuza, anarekebisha usoni, na ikianza kukataa anaichoma tena. Mwisho huipaka weusi na kuisugua, sehemu zilizoinuka zing'ae.

Kosa linaloharibu kazi hii hutokea dakika ya mwisho, wakati wa kuipigilia kwenye ubao. Msumari wa chuma ukigusana na shaba penye unyevu, chuma kinaliwa haraka kuliko kingeliwa peke yake. Baada ya masika mbili kila msumari una duara la kutu, na siku moja bamba linaanguka. Misumari ya shaba au ya shaba nyeupe inagharimu zaidi kidogo. Ni aibu kuikosa katika mkoa unaochimba shaba kwa malori.

Kobalti pia tunaining'iniza bila kujua. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, nyingi ikitoka Lualaba, na siku hizi kila mtu anaitaja kwa betri. Lakini mwaka 1802 mwanakemia Mfaransa Louis Jacques Thénard alitengeneza kwayo rangi ya buluu ambayo mwanga hauiwezi. Joho la Bikira Maria lililochorwa kwa buluu ya kobalti litabaki buluu. Lile lililochapwa kwa wino wa mashine litafifia, na mara nyingi unaoanza kuondoka ni wekundu wa midomo.

Malakiti, jiwe la kijani la Kolwezi, hukatwa vipande vyembamba na kugundishwa kwenye fremu ndogo za mezani. Tahadhari moja: ni jiwe laini, kioo hulikwaruza, na tindikali hulila. Usilisafishe kwa limao hata kama ndilo ulilozoea kusafishia shaba.

Huko nyuma

Sasa geuza picha. Adui wa kwanza ni kadibodi ya kasha. Imetengenezwa kwa mti wenye tindikali, na tindikali hiyo inahamia kwenye picha kimyakimya. Yale madoa ya kahawia yanayofuata umbo la mawimbi ya kadibodi ndiyo hayo. Tripleksi nayo si salama ikigusana na picha moja kwa moja. Ukikosa karatasi ya pamba isiyo na tindikali, walau weka karatasi nyeupe nzuri katikati na uibadilishe kila baada ya miaka michache.

Adui wa pili ni utepe wa plastiki. Gundi yake inageuka njano, inapenya, haitoki. Wafanyakazi wa makumbusho hutumia kitu ambacho kila jiko linakiweza: uji mzito wa wanga wa ngano. Hugundisha picha kwa vibawa viwili vya karatasi nyembamba sehemu ya juu tu, picha ikibaki kuning'inia huru, na siku ya kuitoa wanalowanisha kidogo inaachia. Wanga una hatari yake, wadudu wanaupenda, kwa hiyo paka kidogo.

Paspatu, ile kadi iliyotobolewa inayozunguka picha, watu huidhani urembo. Kazi yake ya kwanza ni kuiweka picha mbali na kioo. Uso wa picha ya studio una jelatini, na jelatini ikipata unyevu hunata kwenye kioo. Picha ya harusi iliyonata usiibandue. Utabakiza uso wa bwana kwenye kioo na wa bibi kwenye karatasi. Iache hapo ilipo, ipige picha nyingine kupitia kioo, ndiyo njia iliyobaki. Na kama utakata paspatu mwenyewe, acha ukingo wa chini uwe mpana kidogo kuliko wa juu. Jicho huona katikati mahali palipo juu ya katikati halisi. Pande zikilingana, picha inaonekana inadondoka.

Adui wa tatu hahitaji kutambulishwa Katanga, nchi ya vichuguu vinavyopita mita tano kwa urefu. Mchwa hawaji usoni. Hupanda ndani ya ukuta, wanajenga njia yao ya udongo nyuma ya picha ambako hakuna anayetazama, wanakula kadibodi, halafu ubao, na kioo kinabaki kimesimama. Kila kiangazi inua picha, tazama.

Nyuma yote ifunikwe karatasi iliyogundishwa kuzunguka ukingo, vumbi la barabara lisiingie. Halafu kata vipande viwili vya kandambili iliyochoka, gundisha kwenye kona za chini. Picha itakaa mbali na ukuta kwa milimita chache na hewa itapita. Nyumba iliyopigwa lipu mpya ya saruji inatoa unyevu kwa majuma mengi. Wenye haraka ya kuning'iniza picha siku ya kuhamia ndio wanaolia masika ya kwanza.

Msumarini

Je, wajua kwamba waya uliokazwa sana nyuma ya picha hubeba mzigo mzito kuliko picha yenyewe? Chukua fremu ya kilo 4. Waya ukipanda kwa nyuzi 30 kutoka kwenye pete hadi kwenye msumari, kila upande unabeba kilo 4. Ukikazwa mpaka upande kwa nyuzi 10 tu, kila upande unavutwa kwa karibu kilo 11 na nusu, na pete zinang'oka. Kwa pete zilizoachana sentimita 40, msumari uwe sentimita 11 au 12 juu ya mstari wa pete. Waya uliolegea kidogo ndio wenye nguvu.

Lakini nguvu ya waya haimzuii mwizi. Tarehe 21 Agosti 1911, mwaka uleule ambao tanuri la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza, Mona Lisa iliibwa Louvre. Mwizi, Vincenzo Peruggia, alikuwa mfanyakazi aliyewahi kushughulika na kuziwekea vioo picha za jumba hilo. Alijua zilivyofungwa. Aliitoa ukutani, akaiacha fremu na kioo kwenye ngazi, akaondoka na ubao, maana picha hiyo imechorwa juu ya mbao na haikunjiki. Ilipatikana Florence mwezi Desemba 1913.

Picha ya thamani basi ifungwe isifunguke kirahisi. Ofisi za serikali zinahitaji kinyume chake: mgongo unaofunguka upesi. Tangu uhuru wa 1960 Kongo imekuwa na marais watano, na fremu ya picha rasmi huwa inadumu kuliko aliyemo. Fundi wa ofisi hafungi kwa misumari. Hutumia vilimi vya bati vinavyokunjwa kwa kidole.

Kabla ya kufunga, andika kwa penseli nyuma: ni nani, wapi, mwaka gani. Penseli haifi kwa mwanga wala haivuji. Wino wa peni hupenya mpaka usoni. Na kama ni mchoro usioeleweka upesi, chora mshale unaoonyesha juu. Mwaka 1961 jumba la sanaa za kisasa la New York liliining'iniza kazi ya Matisse, Le Bateau, miguu juu kichwa chini kwa siku 47, na aliyegundua hakuwa mtaalamu wa jumba bali mgeni aliyekuja kutazama.